Pepo wa Upande wa Pili

Mwenye shughuli zake na aende sasa. Mimi nikianza kusimulia sipendi kukatwa katikati, na haya yote yaliwapata watu kwa sababu ya kitu kilichokatwa katikati.

Ilikuwa miezi michache baada ya Uhuru, bendera bado hazijapauka. Kanze Nzai aliletewa santuri yake kutoka Nairobi, mchana wa jua kali, kwenye nyumba aliyopanga Diani, nyuma ya hoteli ambako mdogo wake Fondo alikuwa akisimamia baa. Nikisema santuri yake, simaanishi aliinunua. Piano alipiga yeye, na picha yake ilikuwa juu ya jalada, amevaa gauni jeupe, ametulia kama bibi harusi. Fondo aliishika kwa ncha za vidole. Mama yao, Mbodze, alikuwa barazani akipepeta mchele, anajifanya hana habari, na huku tabasamu limemjaa.

Upande wa kwanza ulikuwa muziki wa Kizungu, wa mtunzi aliyekufa zamani. Ulipokwisha, Fondo alipiga makofi, akageuza santuri, akaweka sindano upande wa pili. Huko kulikuwa na wimbo wa kwao, wa kijiji cha Mkongani, uliopigwa kwa piano. Haukufika mbali, Fondo akakunja uso.

"Dada, huyu aliyekupigia kayamba ni nani?"

"Kayamba gani?"

"Hebu sikiliza."

Wakainamisha vichwa. Chini ya piano, mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, kulikuwa na chaka-chaka, chaka-chaka, mbegu zikitikiswa ndani ya matete. Kanze alirekodi peke yake katika chumba kilichofungwa, na hapo studio hapakuwa na kayamba wala mtu anayejua kayamba ni kitu gani.

"Ni mikwaruzo ya sindano," akasema.

"Mikwaruzo inayojua mdundo?"

Kanze alikuwa ametazama barazani. Mama yake alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa akiutikisa ungo kwa mdundo uleule wa santuri, kichwa kimeanguka nyuma, mchele unamwagika miguuni. Wimbo ukakatika ghafla, kama ulivyokatika studio, na palepale ungo nao ukasimama. Mbodze akatazama chini.

"Ala! Nani amemwaga mchele wangu?"

Nyumba nzima ilikuwa inanukia mavumba, yale majani makavu ya kunukia ambayo watu wa pepo hujipaka, na nyumba ile ilikuwa ya Wakristo, mavumba hayajawahi kupita mlangoni.

Ngojeni niwaambie Kanze alikuwa nani, maana wengine mtadhani ni mtu aliyeokota piano njiani. Baba yake, marehemu Nzai, alikuwa akifagia kanisa la misheni. Mke wa mchungaji alimkuta mtoto amekaa kwenye kinanda cha kanisa, anatafuta nyimbo za Jumapili kwa kidole, na akazipata. Basi akamfundisha. Kutoka hapo ikawa shule, kutoka shule ikawa London, na London msichana wa Mkongani akapiga mbele ya watu waliovaa suti nyeusi, wakasimama kumpigia makofi. Santuri yake ya kwanza aliirekodi hukohuko; hii ninayoisimulia aliirekodi Nairobi. Magazeti yao yakasema mkono wake wa kushoto una uzito ambao haufundishiki. Loo! Haufundishiki kwao. Mkono ule ulifundishwa mgongoni kwa Mbodze, mtoto amefungwa kwa leso, mama anacheza kwenye ngoma ya kayamba mpaka jua linakuwa juu.

Kwani Mbodze, kabla ya kubatizwa, alikuwa kiti cha pepo. Pepo akiwa na mtu wake anayemkalia, mtu huyo ndiye kiti chake. Pepo wake walimwita Mgeni tu, jina lake la kweli halitajwi. Na kila pepo ana wimbo wake, na wimbo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kumwita. Akishuka, anaulizwa anataka nini, anapewa, kisha anapigiwa sehemu ya pili, ile ya kumsindikiza, naye anaondoka kwa amani. Mtu wa Mkongani hata akiwa mlevi haanzi wimbo wa pepo akauacha njiani. Ni kama kumpigia mtu hodi, akafungua, ukamwacha amesimama mlangoni, ila huyu hachoki kusimama, na wewe unachoka. Mbodze alipoingia kanisani alimsindikiza Mgeni wake vizuri kwa mara ya mwisho, na Mgeni alitulia miaka na miaka.

Usiniambie Kanze hakujua. Alijua! Lakini kampuni ya santuri ilitaka upande wa pili uwe na kitu cha nyumbani, kwa kuwa nchi ni mpya, na wimbo uliokuwa karibu sana na moyo wake ni ule ambao mama yake alikuwa akiuguna zamani jikoni. Akajiambia, mimi napiga piano, sipigi kayamba. Pepo wa Kiduruma atajuaje piano? Akaketi, akapiga, na akapiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alipokuwa anakaribia kuingia sehemu ya kusindikiza, fundi nyuma ya kioo akainua mkono.

"Nafasi imekwisha," Bwana Pritchard, msimamizi wa kampuni, akamwambia. "Santuri imejaa. Lakini umekatika mahali pazuri, watu watatamani zaidi."

Kanze akacheka, akafunga piano. Hilo ndilo kosa lake, na sina jingine la kumlaumu.

Santuri ikapendwa. Redio iliipiga kila alasiri baada ya taarifa ya habari, na si upande wa kwanza, ni wa pili. Na kila ilipopigwa, Mbodze alikatika. Alikuwa anaweza kuwa katikati ya neno, "Fondo mwanangu, niletee ma—", na macho yakageuka meupe, na mabega yakaanza. Wimbo ukifika pale ulipokatwa, anarudi, amelowa jasho, hajui alikokuwa. Fondo aliivunja ile santuri ya nyumbani kwa goti. Akaiiba ile ya hotelini akaivunja pia, na meneja akanunua nyingine kwa sababu wageni waliiulizia. Wakaizima redio, wakaomba jirani naye azime. Haikusaidia kitu. Mama alianza kukatika saa ambazo redio haipigi, asubuhi, wakati wa chai, akiwa anaoga, na Kanze akaelewa kwamba kila mama yake anapokatika, mahali fulani, Mombasa, Mackinnon Road, Nairobi, hata London, kuna mtu ameweka sindano upande wa pili na ameegemea kiti chake anastarehe.

Siku moja, alasiri, Kanze alikuwa chumbani anakunja nguo za safari, maana alikuwa ameitwa kupiga Ulaya mji baada ya mji, nafasi ambayo wapiga piano wengi hufa hawajaipata. Akasikia piano sebuleni. Hakushtuka mara moja, kwa sababu sauti ile aliijua, ilikuwa mkono wake mwenyewe, uzito wake mwenyewe wa kushoto, na kuna noti moja katika wimbo ule ambayo siku ya kurekodi kidole chake kiliteleza kidogo, kosa ambalo hakuna aliyelijua ila yeye, na kidole kikateleza palepale, na ndipo alipokumbuka kwamba mikono yake imeshika gauni, kwamba gramafoni haina santuri, na kwamba ndani ya nyumba hakuna mtu mwingine isipokuwa mama yake ambaye tangu azaliwe hajawahi kubonyeza hata kitufe kimoja cha piano. Akaenda polepole, ameshika ukuta, harufu ya mavumba inamjia kwa mawimbi, na akamwona Mbodze amekaa wima kwenye kiti cha piano, mgongo kama wa binti, vidole vyake vilivyokauka kwa jembe vinakimbia juu ya piano, ncha zimepasuka, damu imechora vitufe vyeupe, naye anapiga hadi pale ulipokatwa, anasimama, na bila kupumua anaanza tena, hadi pale ulipokatwa, anaanza tena.

"Mayo," Kanze akanong'ona. Ndivyo Waduruma wanavyomwita mama. "Mayo, acha."

Kichwa kikageuka. Mabega hayakugeuka, kichwa tu.

"Nimekaribishwa," ikasema sauti nene, ya upole kabisa. "Mbona sisindikizwi?"

Fondo aliporudi kutoka kazini alimkuta dada yake amekaa nje kwenye mchanga, mzigo wa safari uko vilevile wazi kitandani. Hakuuliza mengi. Akaenda Msambweni kumleta Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa fundi wa pepo, mwanamke mnene, mkali, wa makamo, anayevaa buibui lililofifia na kutembea na kayamba lake kwenye kikapu chini ya mihogo. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuwaangalia. Alikuwa anamwangalia Mbodze aliyelala mkekani, amekonda, mashavu yameingia.

"Aliyemwita ni nani?"

"Mimi, Bi Mishi," Kanze akasema.

"Ukamsindikiza?"

"Nafasi ilikwisha."

"Nafasi ya nani? Nakuuliza, nafasi ya nani? Yeye hana nafasi, yeye ana zamu yake!" Akaketi chini kwa hasira. "Msomi mzima. Haya. Umemwita kwa piano, sasa kayamba langu haliwezi tena kumsindikiza. Atasindikizwa kwa hichohicho alichoitiwa. Kaa."

Bi Mishi akatikisa kayamba kidogo tu, kumfungulia njia, na Mgeni akashuka haraka mno, kama aliyekuwa nyuma ya pazia. Mbodze akainuka, akakaa.

"Nimechoka," Mgeni akasema kwa kinywa cha mama. "Naitwa hotelini, nikifika hakuna kiti. Naitwa kwenye nyumba za Wazungu kwenye baridi, nikifika hakuna kiti. Nikiitwa mahali kumi kwa wakati mmoja narudi hapa, kwa mwanamke huyu mmoja. Mtamuua, si mimi."

"Msindikize," Bi Mishi akamwambia Kanze kwa sauti ya chini. "Upesi."

Kanze akapiga. Ile sehemu ya pili, ambayo dunia haijaisikia, ilishuka kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ikawa nyepesi, ikaisha kwa noti moja ya chini iliyokaa muda mrefu hewani. Mbodze akashusha pumzi. Akalala ubavu. Baada ya kitambo akafungua macho yake mwenyewe, akaomba uji, na Kanze akalia mpaka Fondo naye akalia.

Hawakumaliza uji. Mahali fulani mtu aliweka sindano.

"Sasa sikilizeni," Bi Mishi akasema, amesimama anakusanya kikapu chake, na ukali umemtoka, kumebaki huruma. "Dawa ni hiyo. Kila akiitwa, msindikize. Wewe, kwa mikono yako. Ukilala, mama yako hana mtu."

"Bwana Pritchard airekodi hiyo ya kusindikiza," Fondo akasema. "Tuiweke kwenye gramafoni."

"Kumwita, hata mashine inaweza. Kumsindikiza kunataka mtu aliye hapa, anayemwona anaondoka."

"Na nikimwambia anikalie mimi?" Kanze akauliza. "Amwache Mayo. Mimi ni damu yake."

Bi Mishi akaweka kikapu chini. "Atakubali, wala hatauliza mara mbili. Na wewe utasindikizwa na nani? Kiti hakijisindikizi, mwanangu. Hilo mimi sikufanyii."

Basi Ulaya ikafa. Kanze akatuma habari kwamba haji, na huko wakasema Mwafrika amepata jina, amevimba kichwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye piano. Alikula hapo, Fondo akimlisha. Alilala ameegemea piano, na mama yake amelazwa mkekani karibu na miguu yake, na mabega ya mama yakitikisika tu, Kanze anaamka, anapiga, noti ya chini inakaa hewani, mama anapumua. Kisha tena. Watu waliopita nje walisimama kusikiliza. Walisema Kanze anafanya mazoezi ya wimbo mpya, na ni mzuri, mbona hautii kwenye santuri.

Mikono ni nyama. Mkono wa kushoto ndio ulioanza, ule wa kusifiwa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vikijikunja vyenyewe, Fondo akavikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, vikanyooka, vikajikunja tena. Na santuri ilizidi kupendwa.

Siku ilipofika ilikuwa mchana, saa ya chakula, watoto wa jirani wanacheza. Redio mahali fulani ikaanza upande wa pili, na pengine na hoteli, na pengine na nyumba ishirini, kwa sababu Mbodze hakutikisika kama siku nyingine, aliinuka kutoka mkekani kana kwamba amenyanyuliwa na watu wengi kila mmoja upande wake, akarushwa, akarudi, akarushwa, mdomo umefunguka na ndani yake hakuna pumzi, kunatoka chaka-chaka, chaka-chaka, mbegu ndani ya matete, na Kanze akapiga, akaingia sehemu ya pili, akashuka nayo kutoka kulia kwenda kushoto, akafika karibu, karibu kabisa na ile noti ya mwisho, na mkono wa kushoto ukajifunga ngumi. Akaupiga kwenye goti. Haukufunguka. Akajaribu kwa mkono wa kulia, noti ikatoka imechelewa, tupu, na mama yake midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Dada!" Fondo akapiga kelele. "Mayo anakufa!"

Kanze akateremka kwenye kiti, akamkumbatia mama yake mkekani, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Mwache," akasema. "Mwache huyu, amechoka. Nikalie mimi."

Ile chaka-chaka ikakatika. Hata watoto nje walinyamaza, au Fondo hakuwasikia. Mbodze akavuta pumzi kubwa, akakohoa, akakaa. Akamwona binti yake amelala mapajani mwake, macho wazi.

"Kanze?"

Kanze akatabasamu. Mkono wa kushoto ukafunguka bila taabu, kidole kimoja kimoja.

"Asante," ikasema ile sauti nene, ya upole. "Hiki kiti ni kizuri. Kinajua wimbo."

Bi Mishi aliletwa, akasimama mlangoni, akajishika kichwa. Hakuingia. "Nilimwambia," akasema. "Wallahi nilimwambia." Kayamba lake halikuweza kumsindikiza Mgeni, alishasema hivyo mwenyewe. Walitafuta wapiga piano. Mzungu mmoja wa hotelini alikuja, akamsikiliza Mbodze akiimba ile sehemu ya pili, akajaribu, akaikosa, kwa sababu si ya kuandikika, ina kuvuta na kuachia ambavyo mtu hujifunza akiwa mgongoni kwa mama yake. Aliondoka bila kunywa chai aliyowekewa. Akasema kuna mtu alikuwa akimpumulia shingoni, na chumbani hapakuwa na mtu nyuma yake.

Kwa hiyo aliyebaki ni Mbodze. Yeye wimbo anaujua wote. Mikono ndiyo haijui. Mgeni alipokuwa kwake, mikono ile ilikimbia juu ya piano, lakini ule ulikuwa ujuzi wa Mgeni, ameondoka nao. Sasa anakaa kwenye kile kiti, mwanamke wa jembe, uzee umemkunja, anatafuta kwa kidole kimoja. Anauguna wimbo kooni, anabonyeza, siyo. Anabonyeza jirani yake, siyo. Anabonyeza tena, ndiyo, anaishika hiyo, anatafuta ya pili. Sikio lake limeshapata nyingi. Kuziunganisha kwa mwendo unaotakiwa, vidole kumi kwa pamoja, hilo ndilo linalomshinda, na Fondo humsikia akijitukana kwa Kiduruma.

Kanze yuko mkekani chini ya miguu ya mama yake. Amekonda, nywele zimeanza kukatika. Vidole vyake havilali, vinapiga sakafu, wimbo uleule, hadi pale ulipokatwa, kisha mwanzo. Mara chache, kunapokuwa kimya dunia nzima, macho yake mwenyewe hurudi kwa muda mfupi, na huwa anasema neno moja tu, "Mayo, chini kidogo," au "Mayo, pole pole hapo," anamfundisha, kisha anaondoka tena.

Jana alasiri Mbodze alipata mwendo. Mkono wa kulia uliteremka, wa kushoto ukapokea, umechechemea lakini umepokea, na Fondo akasimama mlangoni akiwa ameshika trei ya hoteli, haamini. Vidole vya Kanze vikasita sakafuni. Zilibaki noti chache. Zikabaki mbili. Mbodze akainua kidole juu ya ile ya mwisho ya chini, akaitafuta kwa macho yaliyojaa machozi, akaiona.

"Umekaribia kweli, mama," Mgeni akasema kwa kinywa cha binti yake, kwa heshima, kama mtu anayempa mwenzake pole. "Lakini hapo hotelini wameshaiweka tena, nimeitwa upya."

Kupitia dirishani, kutoka upande wa baa, mkono wa kushoto wa Kanze ulianza polepole. Mbodze alifuta uso kwa leso, akarudisha kidole kwenye noti ya kwanza, akaanza tena.